Freshet: Mafuriko Yanayokuja kwa Miadi

Leo kipindi kinakwenda mbali kidogo, mpaka kwenye mito mikubwa ya Kanada na ya kaskazini-magharibi mwa Marekani, kulifuata neno moja la Kiingereza ambalo wengi wanaoizungumza lugha hiyo tangu utotoni hawajawahi kulitamka. Neno lenyewe ni freshet.

Freshet ni nini? Kwa ufupi kabisa, ni mafuriko ya mto yanayoletwa na theluji inayoyeyuka milimani baada ya majira ya baridi. Kamusi huongeza pia mafuriko ya mvua kubwa, na maana zote mbili zinakubalika. Lakini huko Kanada, mtu akisema freshet imeanza, jirani yake haulizi zaidi. Anajua kwamba theluji ya milimani sasa inashuka ikiwa maji.

Mwulize mkazi wa London kuhusu neno hili, huenda akabaki anakutazama. Mwulize mkulima wa bonde la mto Fraser, katika jimbo la British Columbia, atakueleza kwa kirefu, maana analisikia kila mwaka kwenye taarifa ya habari.

Neno hili lilizaliwa likiwa la upole. Katika Uingereza ya karne ya 16 lilimaanisha kijito cha maji yasiyo na chumvi kinachomwagika baharini. Mshairi John Milton alilitumia kwa maana hiyo katika utenzi wake wa Paradise Regained, uliochapishwa mwaka 1671. Kwake freshet ni mahali panapopatikana samaki wa kupamba karamu, na hakuna la kutisha ndani yake.

Kisha neno likapanda meli. Walowezi wa Kiingereza waliovuka Atlantiki walikuta huko New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, mito inayolala chini ya barafu kwa miezi, halafu jua la Aprili likiikuta inaamka kwa kishindo, inabeba madaraja, vinu na mifugo. Neno lile la kijito likapewa kazi mpya, kubwa kuliko umbo lake. Uingereza kwenyewe likafifia, na ng'ambo ya bahari likapata nguvu.

Sasa, msikilizaji, maji haya yanakujaje?

Katika nchi hizo za baridi, mvua nyingi ya miezi ya Novemba hadi Machi hainyeshi kama mvua. Inaanguka kama theluji na kubaki pale pale ilipoangukia, mlima juu ya mlima, tabaka juu ya tabaka. Mto chini bondeni unapungua, kwa sababu maji yake yamefungwa huko juu. Aprili na Mei jua linapata nguvu, na theluji inaanza kulegea. Kwanza inayeyuka ile ya miteremko ya chini, baadaye ile ya vilele. Vijito vinajaza mito midogo, mito midogo inaujaza mto mkubwa, na mto mkubwa unapanda kingo zake. Jambo la kushangaza ni kwamba mji unaweza kufurika mchana wa jua kali, bila wingu hata moja angani. Kadiri siku zinavyokuwa nzuri, ndivyo hatari inavyoongezeka.

Msikilizaji wa Pwani ana njia ya mkato ya kulielewa jambo hili. Mvuvi wa Bagamoyo au wa Lamu anajua kwamba mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya bamvua yatapanda kuliko siku nyingine, kwa hiyo chombo chake anakifunga mahali pa salama mapema. Freshet ina tabia hiyo hiyo, ila hesabu yake ni ya theluji, na inakuja mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo shika mambo mawili. La kwanza, freshet ina msimu wake. La pili, freshet hutoa taarifa kabla ya kufika. Mambo haya mawili ndiyo yanayoitenga na mafuriko ya ghafla, na ndiyo yatakayotuongoza katika mazungumzo haya yote.

Tuanze na mto Fraser wenyewe. Unachimbuka kwenye Milima ya Rocky, unasafiri kilomita zipatazo 1,370, unapita kwenye korongo jembamba lenye maji makali, halafu unafunguka kwenye bonde pana la mashamba kabla ya kuingia baharini karibu na jiji la Vancouver. Unakusanya maji ya karibu robo ya jimbo zima la British Columbia. Wenyeji wa bonde la chini ni watu wa Stó:lō, na jina hilo ndilo jina la mto katika lugha yao.

Jina la Fraser lilitokana na Simon Fraser, mfanyabiashara wa ngozi aliyeteremka na mto huo mwaka 1808. Aliondoka mwishoni mwa Mei na kufika karibu na bahari mwanzoni mwa Julai. Unaona tatizo lake, msikilizaji? Alichagua miezi ile ile ya freshet. Wenyeji walimwonya njiani kwamba mto haupitiki kwa mitumbwi. Aliposhikilia kwenda, ilifika mahali yeye na watu wake wakalazimika kuiacha mitumbwi na kupita kwenye kuta za korongo kwa miguu, wakishika ngazi za miti na kamba zilizofungwa na wenyeji hao. Waliokuwa wakiishi kando ya mto walikuwa na kalenda yake kichwani. Mgeni hakuwa nayo.

Leo kalenda hiyo inaandikwa kwa vipimo. Kuanzia Januari, wapimaji hupanda milimani, wengine kwa helikopta, wengine kwa viatu vipana vya kutembelea juu ya theluji. Hudidimiza bomba refu mpaka ligonge udongo, hulitoa likiwa limejaa theluji, kisha hulining'iniza kwenye mizani. Kwa nini wapime uzito badala ya kina tu? Kwa sababu theluji mpya ni laini na imejaa hewa, na ya zamani imeshindiliwa. Mita moja ya theluji laini inaweza kutoa maji kidogo kuliko nusu mita ya theluji nzito. Anayetaka kujua ni maji kiasi gani yatashuka lazima ajue uzito.

Kuna pia chombo kinachofanya kazi hiyo bila mtu. Ni mfuko mpana uliolazwa chini, umejazwa kimiminika kisichoganda. Theluji inauangukia, uzito unaukandamiza, na kipimo kinatumwa kwa setilaiti mpaka mezani kwa mtaalamu. Chombo hicho wenyewe wanakiita mto, yaani ule wa kulalia. Kwetu sisi basi, mto mmoja unapima maji ya mto mwingine.

Vipimo hivyo vyote vinakusanywa na Kituo cha Utabiri wa Mito cha British Columbia, ambacho hutoa taarifa ya hali ya theluji kwa umma kila msimu. Hata hivyo, taarifa hiyo ina mpaka. Theluji inasema ni maji kiasi gani yamo njiani. Hali ya hewa ndiyo inayoamua yatashuka kwa kasi gani. Majira ya kuyeyuka kwa theluji yakiwa ya joto la wastani, maji yanashuka kidogo kidogo kwa wiki nyingi na mto unayameza. Baridi ikichelewa kuondoka, halafu joto kali likaja kwa siku chache mfululizo, maji ya miezi yanashuka kwa pamoja. Mvua ikinyesha juu ya theluji hiyo hiyo, mambo huwa mabaya zaidi.

Hayo ndiyo yaliyotokea mwaka 1948.

Mwaka ule baridi ilikaa. Aprili ilipita, Mei ikafika katikati, na theluji ilikuwa bado milimani wakati ambao kwa kawaida ingekuwa imeanza kuondoka. Kisha joto likaja kwa mkupuo. Mto Fraser ulipanda siku baada ya siku mwishoni mwa Mei, na katika bonde la chini matuta ya udongo yaliyojengwa kuzuia maji yakaanza kuvuja, kisha kukatika, moja baada ya jingine. Askari na raia walijaza mifuko ya mchanga usiku na mchana. Watu 10 walikufa. Watu wapatao 16,000 walihamishwa, na nyumba zipatazo 2,300 ziliharibiwa au kubomolewa kabisa. Njia mbili za reli zinazovuka bara na barabara kuu zilikatwa, na Vancouver ikawa imetengwa na sehemu nyingine za Kanada kwa njia ya nchi kavu.

Je, lilikuwa jambo lisilotarajiwa? Hapana. Mwaka 1894 mto huo huo ulikuwa umepanda juu zaidi ya hapo. Ila mwaka 1894 bonde lilikuwa na watu wachache, kwa hiyo hasara ilikuwa ndogo. Kati ya miaka hiyo miwili watu waliongezeka, mashamba yakapanuka, na matuta yakatazamwa kana kwamba kazi yake imekwisha. Nusu karne ya usalama iliwafanya watu waamini kwamba maji ya 1894 yalikuwa hadithi ya wazee. Baada ya 1948 hakuna aliyeweza kusema hivyo tena, ingawa ilichukua mpaka mwaka 1968 kwa serikali kuu na serikali ya jimbo kutia saini mkataba wa kuyajenga upya matuta hayo kwa mpango mmoja.

Sasa vuka mpaka, msikilizaji, uingie Marekani, katika siku zile zile za 1948. Joto lile lililouamsha Fraser liliuamsha pia mto Columbia, unaochimbuka Kanada na kuingia bahari ya Pasifiki kwenye mpaka wa majimbo ya Washington na Oregon. Kando ya mto huo, nje kidogo ya jiji la Portland, palikuwa na mji uitwao Vanport.

Vanport ulijengwa haraka haraka mwaka 1942 kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya meli wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyumba zake zilikuwa za mbao, na zilikaa kwenye ardhi ya chini, zimezungukwa na matuta. Vita vilipopamba moto ulikuwa mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Oregon. Mwaka 1948 bado walikuwamo watu wapatao 18,500, na karibu theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi, ambao Portland yenyewe iliwabania mahali pa kuishi.

Asubuhi ya tarehe 30 Mei, 1948, ilikuwa Jumapili, mto ukiwa umejaa pomoni, wakazi walikuta karatasi chini ya milango yao. Mamlaka ya nyumba iliwaambia kwamba matuta ni salama, kwamba wataonywa ikihitajika, kwamba watapata muda wa kuondoka, na kwamba wasiwe na wasiwasi. Alasiri ya siku hiyo hiyo, kabla saa kumi na moja haijatimia, tuta la reli upande wa magharibi lilibomoka. Maji yaliingia, nyumba za mbao zikaelea na kugongana. Watu wasiopungua 15 walikufa. Ilisaidia kwamba ilikuwa mchana, na kwamba wengi walikuwa wametoka kwa mapumziko ya sikukuu. Mji wa Vanport haukujengwa tena. Mahali pake leo kuna viwanja vya michezo na uwanja wa mashindano ya magari.

Turudi kwenye yale mambo mawili. Freshet ina msimu wake, na freshet hutoa taarifa. Mto Columbia ulikuwa umeshatoa taarifa kwa siku kadhaa. Vipimo vilikuwapo, maji yalionekana kwa macho. Kilichokosekana Vanport ni mtu wa kuwaambia wakazi ukweli ule uliokuwa mezani. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo, na inafaa kurudiwa: maji yaliyotabiriwa yanaua pale ambapo utabiri unabaki kwa wenye ofisi.

Maafa hayo yalizaa siasa. Mwaka 1961 Kanada na Marekani zilitia saini Mkataba wa Mto Columbia, ukaanza kutumika mwaka 1964. Kanada ikajenga mabwawa matatu upande wake, na Marekani ikaruhusiwa kujenga moja ambalo maji yake yanaingia Kanada. Kazi yake kubwa ni kuyashika maji ya freshet na kuyaachia pole pole, na pia kuzalisha umeme. Portland ikalala usingizi. Lakini usingizi huo ulilipiwa na wengine. Katika mabonde ya Kanada yaliyogeuzwa kuwa maziwa ya mabwawa, zaidi ya watu 2,000 walihamishwa, na mashamba yao yapo chini ya maji mpaka leo.

Na Fraser je? Hapo ndipo simulizi inapogeuka. Mto Fraser wenyewe, ukiacha baadhi ya matawi yake, haujawahi kuzibwa kwa bwawa. Mapendekezo yalikuwapo, maarufu likiwa la bwawa kubwa la Moran, juu ya mji wa Lillooet, ambalo lilijadiliwa kwa miaka mingi na mwisho likashindwa. Lilishindwa kwa sababu ya samaki. Samoni wa Fraser huzaliwa kwenye mito ya juu, hukulia baharini, na hurudi kuzaliana pale walipozaliwa. Ukuta wa zege katikati ya mto ungewakatia njia.

Hapa, msikilizaji, tugeuze upande wa pili wa neno hili, kwa sababu freshet haina sura moja tu ya kutisha. Ina faida gani?

Faida ya kwanza ni hao hao samaki. Vifaranga vya samoni huteremka kwenda baharini wakati wa maji mengi ya freshet, na maji hayo yaliyochafuka kwa udongo huwasitiri wasionekane na maadui. Stajoni mweupe, samaki mkubwa kuliko wote wa maji baridi huko Amerika ya Kaskazini, hutaga mayai yake katika Fraser ya chini wakati huo huo maji yanapokuwa juu au yanapoanza kushuka.

Faida ya pili ni miti. Kando ya mito hiyo huota miti mirefu ya jamii ya popla ambayo mbegu zake, zenye sufi nyeupe, hupeperuka mwanzoni mwa kiangazi. Mbegu hizo huishi muda mfupi tu na zinahitaji udongo mtupu ulio na unyevu. Udongo huo unapatikana wapi? Pale pale ambapo freshet imepita na kuacha mchanga mpya. Mahali ambapo mabwawa yameizima freshet, misitu ya miti hiyo huzeeka bila watoto.

Faida ya tatu ni ardhi. Kila mwaka Fraser unashusha mamilioni ya tani za udongo na mchanga, sehemu kubwa ikishuka wakati wa freshet. Mashamba yenye rutuba ya bonde la chini, na delta ambayo baadhi ya vitongoji vya Vancouver vimejengwa juu yake, ni zawadi ya mafuriko ya maelfu ya miaka.

Hata uchumi wa mbao ulitegemea maji haya. Katika misitu ya Maine huko Marekani na New Brunswick huko Kanada, wakata magogo walifanya kazi wakati wa baridi, wakaburuta magogo juu ya theluji na kuyarundika kando ya mito. Halafu wakangoja. Freshet ilipofika, magogo yalisukumwa majini, na vijana wenye viatu vya misumari wakaruka juu yake wakiyaongoza mpaka kwenye viwanda vya kupasua mbao. Mwaka wa theluji kidogo ulikuwa mwaka wa hasara, kwa sababu magogo yalibaki nchi kavu. Huko Maine, safari ya mwisho ya magogo kwenye mto Kennebec ilifanyika mwaka 1976.

New Brunswick, mashariki mwa Kanada, ndipo neno hili lilipo midomoni mwa watu wengi zaidi. Mto Saint John, ambao watu wa asili wa huko wanauita Wolastoq, unapita katika mji mkuu wa jimbo, Fredericton, halafu unalazimika kuingia baharini kupitia mlango mwembamba wa mawe ambako maji ya bahari yakijaa husukuma kurudi ndani. Kwa hiyo maji ya freshet yakiwa mengi hupanga foleni. Mwaka 2018 yalipanda kiasi cha kufunga sehemu ya barabara kuu ya taifa kwa siku kadhaa, na mwaka 2019 yakarudi tena. Yakishapungua, watu wa jimbo hilo hushuka kwenye nyanda za mto na vikapu, kuchuma machipukizi machanga yaliyojikunja, ya kijani kibichi, aina ya mmea wa kangaga, yanayoota kwenye udongo uliofurika. Huyachemsha na kuyala kwa siagi. Mboga hiyo ni fahari yao.

Na huko Uingereza, ambako neno lilizaliwa na kufifia? Bado lina kazi moja ndogo. Wasimamizi wa baadhi ya mabwawa, hasa Uskoti, hufungulia maji kwa makusudi kwa muda mfupi ili kuwaamsha samoni wapande mto kwenda kutaga. Maji hayo ya kufunguliwa nao huyaita freshet. Mahali ambapo mtu ameizuia freshet ya kweli, inabidi atengeneze ya bandia.

Je, kila mafuriko ya Kanada ni freshet? La, na hapa mfano ni wa karibuni. Katikati ya Novemba 2021, mvua kubwa isiyo ya kawaida ilishuka kusini mwa British Columbia kwa siku mbili. Maporomoko ya udongo yaliua watu barabarani, barabara kuu na reli zikakatika, na Vancouver ikatengwa tena na Kanada nyingine kwa nchi kavu. Mto Nooksack, kutoka upande wa Marekani, ulivunja kingo na kumwaga maji kwenye nyanda za Sumas. Nyanda hizo zilikuwa ziwa mpaka mwaka 1924, lilipokaushwa ili kupata mashamba, na watu wa asili wa Semá:th wakapoteza uvuvi wao. Kwa siku kadhaa ziwa lilirudi mahali pake. Lakini wakazi hawakuyaita maji hayo freshet. Hayakutoka kwenye theluji ya msimu, hayakuja mwezi wake, na hayakutoa taarifa ya wiki nyingi. Hapo ndipo utaona ubora wa kuwa na jina maalumu: linamwambia mtu ajiandae kwa maji gani.

Pengine msikilizaji wa Moshi anajiuliza: na sisi wa Kilimanjaro, mbona tuna theluji na hatuna freshet? Swali zuri. Karibu na Ikweta hakuna majira ya baridi ya kurundika theluji kwa miezi mitano halafu kuiachia kwa mkupuo. Barafu ya Kibo ni kidogo, na mchango wake kwa mito ya Wachaga ni mdogo sana. Maji ya mito hiyo yanatokana zaidi na mvua zinazonyesha kwenye msitu wa mlima na chemchemi zake. Ukitaka jamaa wa freshet hapa kwetu, nenda Rufiji. Kule mafuriko ya kila mwaka, yanayoletwa na mvua za nyanda za juu kusini, yalizaa kilimo cha mlau: maji yakishuka, wakulima walipanda kwenye udongo ulioachwa na unyevu, na kuvuna bila mvua nyingine. Wapokomo wa mto Tana nchini Kenya nao wameishi kwa hesabu ya namna hiyo. Mafuriko ya msimu yalikuwa mwenzi wa shamba, mradi yasizidi.

Kalenda hizi zote sasa zinayumba. Huko kaskazini, joto la dunia linapopanda, sehemu ya theluji inageuka kuwa mvua, na inayobaki inaanza kuyeyuka mapema. Mto unajaa kabla ya wakati, halafu unapungua mno Agosti, wakati samoni wanaorudi wanahitaji maji mengi na ya baridi. Wataalamu waliozoea kulinganisha mwaka huu na miaka hamsini iliyopita wanaona hesabu za zamani hazitoshi tena.

Basi tukusanye tuliyozungumza. Freshet ni mafuriko ya theluji inayoyeyuka. Ina msimu wake, nayo hutoa taarifa. Inalea samaki, miti na mashamba, na ikipuuzwa inabomoa miji. Bonde la Fraser lilijifunza baada ya kulipia, na Vanport haukupata nafasi ya kujifunza.

Kabla ya kuagana, kuna ombi kwa wenyeviti wa mitaa na vijiji, kwa walimu, na kwa viongozi wa misikiti na makanisa wanaotusikiliza. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na za Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa ndugu zetu wa upande wa pili, hutolewa kabla ya kila msimu wa mvua. Zichukueni, zisomeni kwa lugha ambayo jirani ataielewa, na tajeni mahali maji yatakapotoka na wakati yatakapofika. Mzee asiye na simu na mama anayeuza sokoni tangu alfajiri nao wazisikie.